Majani ya Kamba Kutoka Nyamlinga

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi nusu ya milima ya Kongo kule ng'ambo, na upepo wa kusini, ambao kwa mwezi ule tulitegemea uwe umepungua, ulikuwa bado na nguvu. Mchanga ulipita chini chini, usawa wa vifundo vya miguu, ukielekea kwenye nyumba zetu. Mvua ilidondosha matone Jumapili, ikaacha. Jumanne hiyo ndiyo siku tuliyoondoka.

Mmeniuliza mno habari za safari ile, na kila nikisimulia nakuta nimesahau kipande. Zuhura wa Buzebazeba amenifuata mara tatu, na mara zote tatu, anasema, nimemsimulia tofauti. Basi naandika mara moja, msome wenyewe. Elimu yangu ni darasa la saba, na daftari hili nililianza kuandika siku za upepo na siku za dagaa tu. Nikikosea, anayejua anisahihishe.

Kwanza jambo lenyewe, kwa wale wasioishi Ujiji. Sisi wanawake wa mwaloni kwetu, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, tunaanika dagaa juu ya mchanga. Kila alfajiri, kabla boti hazijarudi, tunafagia kwa fagio za chelewa hadi mchanga ubaki mtupu, usiwe na jani wala kijiti. Dagaa wetu wanasifika kwa usafi, na kikundi chetu mimi ndiye mwenyekiti wake. Zamani pale mchangani palikuwa na majani yanayotambaa, marefu kama kamba, yenye maua ya zambarau. Tunayaita majani ya kamba. Yakapungua, yakaisha. Tangu yaishe, mchanga haukai. Ziwa linakula upande wa mbele, upepo unasukuma upande wa nyuma. Kisima kimefukiwa. Nyumba ya Bi Mwajuma, mama yake mwenyekiti wa mtaa, imejaa mchanga hadi madirishani, na bibi wa watu amehamia kwa mwanawe.

Mwenyekiti huyo wa mtaa aliita kikao akasema walioyamaliza majani ni wakimbizi. Ulikuwa mwaka wa kwanza tangu Wakongo waanze kuvuka kwa wingi, na wanawake kumi na mmoja kati yao walikuwa wanaanika dagaa pamoja nasi. Akasema wataondolewa mwaloni, waende kambini kwa wenzao. Sitaki kumsema vibaya. Nyumba ya mama yake inazama, na mtu wa namna hiyo lazima atafute wa kumlaumu. Na mimi mwenyewe, niseme kweli, nilimwamini nusu. Niliwaona kwa macho yangu wakivuta mizizi mikavu ya kuwashia moto.

Mmoja wao ni Mama Asende, Mbembe wa upande wa Baraka kule Kongo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alisimama katika kikao kile akasema, "Miye najua kuyarudisha. Nipeni mbegu yake."

Bwana Misitu, kijana wa serikali aliyeletwa kwetu kutoka Iringa, akasema majani hayo aliyaona Nyamlinga, kusini sana, siku mbili kwa boti. Mwenyekiti akafikiri, akasema, "Nendeni mkayalete. Mkirudi tutakaa tena, tuseme wazi nani aliyakata. Akiwa mgeni, anaondoka."

Tukaondoka watatu: Mama Asende, Bwana Misitu na mimi.

Ujiji hadi Ilagala

Boti lilikuwa liondoke saa mbili asubuhi. Liliondoka saa saba, kwa sababu nahodha alikuwa anasubiri kabati la harusi. Kabati lilifika likibebwa na wanaume sita, lina kioo kirefu mlangoni, na mahali pekee lilipoenea palikuwa mbele ya Bwana Misitu. Kioo kikamtazama.

Kijana yule ni mwema na ana elimu, lakini ziwa halimjui. Tulipopita tu miamba ya kwanza akaanza kutapika, na kila akiinua kichwa anajiona mwenyewe katika kioo, rangi imemtoka.

"Bwana, geuka," nahodha akamwambia. "Unajitisha bure."

"Nigeukie wapi? Huku kuna mbuzi."

"Afadhali mbuzi. Hatakucheka."

Mama Asende alimpa kipande cha muhogo uliochachushwa na kufungwa kwa majani ya mgomba, wao huita chikwange. Alikitazama kwa wasiwasi, akala, kikakaa tumboni. Tangu hapo hakutaka chakula kingine safarini, na mimi niliyekuwa nimemkaangia vitumbua vya kutosha watu wanne niliumia kidogo. Vitumbua vikaliwa na nahodha.

Bwana Misitu alipopata nguvu alianza kutueleza mpango wake. Alitaka kupanda miti. Kwao Iringa kuna misonobari hadi macho yanachoka, na alikuwa ameshajaribu miche mwaloni kwetu mwaka uliotangulia. Yote ilifukiwa ndani ya wiki tatu. Alidhani haikumwagiliwa vizuri.

"Ilimwagiliwa," nikasema. "Nilimwagilia mwenyewe."

Mama Asende alimgusa Bwana Misitu bega akamwonyesha ufuo tuliokuwa tunaupita, mahali pasipo na kijiji. "Angalia bwana. Mbele karibu na maji, ni nani?"

"Majani yanatambaa."

"Nyuma yake?"

"Ukoka."

"Nyuma ya ukoka vichaka, nyuma ya vichaka ndiyo miti. Zinajipangaka zenyewe, kama watu na ndoo zao bombani. Weye ulitaka wa mwisho achote kwanza."

Bwana Misitu akatoa daftari lake akaandika. Hapo nilimheshimu. Wasomi wengi niliowaona hawaandiki kitu kilichosemwa na mwanamke mwenye kilemba cha muuza dagaa.

Ilagala

Tulifika Ilagala jua linashuka. Mto Malagarasi unaingia ziwani pale kwa maji ya rangi ya chai, na kabati likateremshwa kwa vigelegele. Bibi harusi alijitazama kwenye kioo kilekile alichojitazama Bwana Misitu, akaonekana ameridhika zaidi yake.

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya ndugu yake nahodha. Mama mwenye nyumba alitukaribisha vizuri sana, akatupa maji ya kuoga, akatuonyesha chumba. Kimoja, kitanda kimoja kikubwa, mkeka mmoja. Akamwambia Bwana Misitu, "Nakusifu baba. Wake wawili wanasafiri pamoja na hawagombani. Mume wangu alijaribu, boti nzima ilikimbiwa na abiria."

Bwana Misitu ana miaka ishirini na sita. Mimi nina binti aliyekwisha kuvunja ungo. Alisimama pale mdomo wazi, na Mama Asende, ambaye sijawahi kumwona akicheka kwa sauti, alilazimika kutoka nje.

"Mama," Bwana Misitu akasema, "hawa ni mama zangu."

"Mama zako wawili? Baba yako basi ndiye wa kusifiwa."

Ilichukua muda kueleweka. Mwishoni Bwana Misitu alilala kwa nahodha. Tulikula wali wa mabaki ya maandalizi ya harusi na mchuzi wa mbuzi, yuleyule wa kwenye boti nadhani, ingawa siwezi kuapa.

Ilagala hadi Nyamlinga

Siku ya pili ilikuwa ndefu. Milima inaingia ziwani moja kwa moja, hakuna pa kutia nanga, na mawimbi ya kusini yalitupiga ubavuni hadi alasiri. Sina la kusifu katika siku ile ila mihogo ya kuchemsha na karanga alizotugawia mwanamke mmoja Mtongwe bila kutuuliza majina.

Kijiji kimoja tuliposimama kushusha chumvi, mgambo alikuja na rungu lake akawatazama abiria mmoja mmoja. Alisimama mbele ya Mama Asende. "Huyu ametoka wapi?"

Mama Asende alitazama maji. Angefungua mdomo, lafudhi yake ingemjibia.

"Ni mwenzangu wa kazi," nikasema. "Tunaanika dagaa pamoja Ujiji."

"Nimeuliza ametoka wapi."

"Ujiji. Tumepanda boti pamoja jana."

Akapita. Nimelifikiri sana jibu lile. Kila neno lilikuwa kweli, lakini nilijua alichokuwa anauliza. Mama Asende hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Baadaye alisema tu, "Watoto wangu wawili wako kule mwaloni na jirani. Nikishushwa hapa, nani atawaambia?" Ndipo nilipoelewa anabeba nini. Mimi nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya majani. Yeye alikuwa anatafuta ruhusa ya kubaki na watoto wake mahali walipoanza kulala usingizi.

Nyamlinga

Tulilala botini, tukafika asubuhi ya Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa kuona ufuo wa kijani. Nikaona nusu ya kijani na nusu mweupe, umefagiwa, una alama za fagio za chelewa kama zetu kabisa. Upande ule mweupe mchanga ulikuwa umeanza kupanda kwenye ukuta wa shule.

Mwanamke mnene mwenye kanga ya njano alitujia, mikono kiunoni. Jina lake Mama Kaseke, ndiye mkubwa wa waanikaji pale.

"Mmetoka Ujiji?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mmekuja kukagua?"

"Kukagua nini?"

Akanitazama vizuri. "Wewe si ndiye Mama Sikudhani? Wa kupekua magunia?"

Nikasema ni mimi.

"Enhee. Leo umetuletea uso." Akawaita wenzake. "Njooni mumwone, ndiye huyu."

Nitaeleza, na hapa naomba mnisome polepole. Dagaa wa kusini wanakuja kwetu kwa magunia, na kabla hatujawachanganya na wetu mimi hufungua kila gunia nikatia mkono hadi chini. Nikikuta vipande vya majani narudisha gunia lote. Nimefanya hivyo miaka mingi na nilikuwa najivunia. Gunia likirudi, linarudi na maneno, na maneno ni yangu: wafagie kwanza. Nilikuwa nayasema kwa manahodha bila kufikiri yanakwenda wapi. Yalikuwa yanakwenda Nyamlinga.

"Tulikuwa tunaanika juu ya vichanja," Mama Kaseke akasema. "Nguzo na nyavu kuukuu. Kijani cha chini kinakatika kidogo, kinaingia kwenye dagaa. Wewe unarudisha. Tukang'oa. Tumeng'oa nusu, nusu nyingine tumechoka. Sasa mchanga uko shuleni. Niambie, tufagie tena?"

Bwana Misitu alitazama viatu vyake. Mama Asende alinitazama mimi.

Nilitaka kujibu kwamba sikujua. Ni kweli sikujua. Lakini nilikumbuka mwaloni kwetu kila alfajiri, mimi mbele, wenzangu nyuma, tunakokota vile vikamba vya kijani na kuvitupa majini, tunaimba. Miaka mingi kabla Mkongo yeyote hajavuka. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutafuta kilichopotea, na aliyekipoteza alikuwa amekaa ndani ya boti.

"Tumekuja kuomba mbegu ya majani haya," nikasema.

Walicheka. Sikuwalaumu. Kisha Mama Kaseke akasema, "Tutawapa. Lakini simama hapa mbele ya wote useme gunia lenye jani hulirudishi tena."

"Mimi peke yangu sina mamlaka hayo. Ni kikundi."

"Wakati wa kurudisha ulikuwa na mamlaka."

Nikasimama, nikasema. Nilisema mbele ya wanawake kama arobaini kwamba gunia lenye jani nitalipokea na kulichambua kwa mkono wangu, na kwamba neno la kufagia lilikuwa kosa. Mama Kaseke alisema, "Imetosha, usilie mama, twende tukakate." Sikuwa ninalia, ila labda nilikuwa karibu.

Tulikata siku mbili. Mama Asende aliwafundisha wote, hata wenyeji walisogea kutazama. Unakata urefu wa mkono, penye vifundo visivyopungua vinne. Unachukua kila hatua ya tatu tu, mmea mama usione njaa. Mizizi inatoka kwenye kifundo, kwa hiyo viwili vinakwenda chini ya mchanga na viwili vinabaki juu. Kisha unafunga kwenye gunia lililoloweshwa, si lililojaa maji. Bwana Misitu alitaka kuviweka kwenye mapipa ya maji. Mama Asende akamwambia, "Bwana, weye ukilazwa ndani ya maji siku mbili utafika?" Akaacha.

Tulikula samaki aina ya kuhe wa kuchemsha kwa ndimu na ugali wa mahindi, kila mlo, na sikuchoka. Jumamosi asubuhi tulipakia magunia tisa. Mama Kaseke alinishika mkono akasema atatuma dagaa mwezi unaofuata, na watakuwa na majani, makusudi.

Kurudi, na mchanga wa mdomoni

Boti la kurudi lilikuwa jingine. Nahodha aliyaona magunia akauliza, "Mama, mnafuga mbuzi wa mfalme? Majani yanasafirishwa kuliko watu." Abiria nao walikuwa na maoni yao. Mwanamke mwenye majani yasiyoliwa, mwenzake wa Kongo, na kijana wa serikali anayelinda magunia: wakakubaliana kuwa ni dawa. Mzee mmoja aliniuliza kwa adabu kama inatibu mgongo. Nikamwambia ni majani ya kushika mchanga. Akatikisa kichwa kama mtu anayejua siri haitolewi bure. Baadaye niliona kipande kinatoka mfukoni mwake. Sijui kama kilimsaidia. Sisemi hakikumsaidia.

Tulipofika mdomo wa Malagarasi Jumapili asubuhi, mto ulikuwa umemwaga mchanga mpya, na boti likapanda juu yake likakaa. Panga la mashine, lile linalosukuma maji, likavunjika. Nahodha alituma mtu kwa mtumbwi kutafuta jingine, akasema ni kungoja saa mbili tu. Tulikaa siku mbili.

Siku ya kwanza nilikasirika tu. Alasiri yake Mama Asende alitia mkono kwenye gunia akautoa haraka. Ndani kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayelalia mayai. Alilifungua: katikati majani yalikuwa yameanza kuwa meusi na kunuka. Tukafungua yote. Mawili yalikuwa yameharibika kabisa.

Niliona mwenzangu anakaa chini kwenye mchanga. Hakulia. Alisema, "Nikirudi mikono mitupu, ile kikao itakuwa fupi."

Tukayatoa yote yaliyokuwa mazima tukayalaza kwenye ule ulimi wa mchanga, vifundo viwili chini, viwili juu, mstari baada ya mstari, kama yamefika nyumbani. Bwana Misitu alivua shati akabeba maji kwa ndoo ya boti. Abiria walitutazama, halafu mmoja akaja, wa pili akaja, mwisho hata yule mzee wa mgongo alikuwa anachimba. Walidhani bado ni dawa, nadhani, lakini walipanda vizuri.

Panga la mashine lilipoletwa Jumanne asubuhi tuliyang'oa tena kwa vidole. Baadhi yalikuwa na vizizi vyeupe, vyembamba kama uzi. Mstari mmoja tuliuacha palepale. Nahodha alisema, "Mnapaachia mto?" Mama Asende akasema, "Mchanga huu nao haina mwenyewe. Iachie tu."

Nyumbani

Tuliingia Ujiji Jumanne hiyohiyo saa nane mchana. Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa mdomo wa nani, na Mwenyekiti alikuwa ameshaita watu mwaloni. Sikupewa nafasi hata ya kunawa uso. Wanawake wa kikundi walikaa upande mmoja, wale kumi na mmoja wa Kongo upande mwingine, watoto wawili wa Mama Asende wamemng'ang'ania kanga. Bi Mwajuma alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mbele ya nyumba yake iliyozama.

Mwenyekiti akasema, "Tumeona magunia, ahsanteni. Sasa lile tulilokubaliana. Nani aliyamaliza majani hapa?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno tangu Ilagala. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Ni sisi."

"Sisi nani?"

"Kikundi changu. Tulifagia. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Na Nyamlinga nako wameanza kung'oa kwa sababu ya neno langu."

Pakazuka kelele. Mama Salma, rafiki yangu wa miaka yote, akasema, "Mama Sikudhani, unatuaibisha mbele ya wageni."

"Wageni walikuwa hawajafika tulipoanza."

"Na mizizi waliyochoma?" Mwenyekiti akauliza. "Hawakuchoma?"

Nikasema walichoma. Niliona mwenyewe, siwezi kukana. Mama Asende akainuka akasema, "Tulichoma ile kavu. Tulikuta imekufa. Lakini tulichoma, ni kweli."

Mwenyekiti alisimama kati ya maneno hayo mawili. Mtu mwingine angeshika lile linalomfaa. Naamini alikuwa anatafuta la haki, ila hakuwa na haraka ya kulipata. Ndipo mama yake akagonga mguu wa kiti kwa mkongojo.

"Mnazungusha maneno," Bi Mwajuma akasema. "Huyu nani alimfundisha kufagia? Mimi. Aliolewa hapa hajui kushika fagio la chelewa. Nikamwambia mchanga wa Ujiji hauna jani. Nilikuwa naona sifa. Sasa sifa zangu ziko madirishani, unaziona. Wewe mwanangu unataka kumfukuza nani?"

Mwenyekiti aliitazama nyumba. Kisha akasema, "Wanabaki. Wote kumi na mmoja. Na huyu mama mrefu ndiye atakayetuonyesha mstari usiofagiwa. Atakayeuvuka na fagio, awe wa hapa awe wa ng'ambo, ataanika dagaa wake barabarani Mwandiga, mbali na ziwa."

Mtoto mdogo wa Mama Asende alimuuliza mama yake jambo kwa Kibembe, na mama yake akamjibu neno moja. Yule mtoto akaachia kanga, akaenda kucheza.

Tulipanda jioni ile ile, kabla vipande havijachoka zaidi. Wanawake wote, wetu na wao, magoti mchangani. Mama Salma alipanda mstari wa mbali na mimi, siku tatu hakunisemesha, na ana haki yake. Mume wangu, anayeshona nyavu, alitoa kuukuu zake zote kwa ajili ya vichanja, tusianike tena mchangani. Mvua ilikuja Jumatano. Ninapoandika haya si vyote vilivyoshika. Upande wa karibu na mawe vimechukuliwa na maji, na wawili watatu kati yetu bado wanafagia nyuma ya mstari wakidhani siwaoni. Lakini jana nilihesabu hatua thelathini na nane za kijani kisichokatika, na mbele yake mchanga umejikusanya kituta kidogo, umekaa. Nimesimama juu yake. Sijawahi kupewa cheti chochote tangu kile cha darasa la saba, lakini nilisimama pale kama mtu aliyepewa.

Mlitaka kujua pia yaliyokuwa nyumbani kwangu siku ile ya kurudi, baada ya kupanda. Nilirudi nikakuta Mama Asende ameshaingia jikoni kwangu na watoto wake wawili, kwa sababu nilimwambia asipike kwake, naye akaelewa kuwa apike kwangu. Alikuwa ametwanga sombe, yaani kisamvu, na mawese mengi kuliko ninavyotia mimi. Tulikuwa watu saba: wao watatu, mume wangu, binti yangu Sikudhani, mama mkwe na mimi. Tulikula ugali wa muhogo, ile sombe, na samaki migebuka wawili wa kuchoma tuliogawana vipande. Mume wangu alikula kimya, na kwake hiyo ni sifa. Mama mkwe, ambaye hali chakula cha mkono asioujua, aliomba aongezwe.